Gesi Hutafuta Bonde

Leo tuko uani, penye shimo la moto linalotumia gesi: lile la matofali ambalo watu hulizunguka jioni wakichoma michopo bila makala wala moshi.

Gesi ya chupa ni propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi kama moshi. Hutambaa chini kama maji ya mvua yanayotafuta mto. Ndugu zetu wa Goma wanaijua tabia hiyo kwa mazuku, hewa mbaya ya volkano inayolala mabondeni, ikawaua mbuzi na watoto kabla mtu mzima hajashtuka. Tofauti ni kwamba mazuku haiwaki. Gesi ya chupa huwaka.

Basi shimo lako ni bonde. Unapolijenga, acha matundu pande mbili, chini kabisa, gesi iliyovuja ipate pa kutokea. Chupa ikae mbali na moto, isimame wima: ikilazwa, gesi ya majimaji huingia mpirani, na maji hayo yakigeuka hewa hutanuka zaidi ya mara 200. Karibu na moto pitisha bomba la chuma, si mpira.

Mpira wenyewe uwe wa gesi, ukazwe kwa klempu. Tumezoea kuziba tundu la baiskeli kwa kiraka. Mpira wa gesi uliopasuka hautiwi kiraka, hubadilishwa. Kabla ya kuufungua, funga chupa, acha moto ule gesi iliyobaki mpaka uzimike wenyewe.

Ukimaliza kazi, funga koki ya jiko, fungua chupa bila kuwasha moto, kisha paka povu la sabuni kila kiungo, tangu detanderi hadi jiko. Povu likivimba, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja.

Wakati wa kuwasha, kiberiti kitangulie, gesi ifuate. Upepo ukizima moto, funga, ngoja dakika kadhaa shimo lijisafishe.

Kwa asili gesi haina harufu. Hutiwa dawa inayonuka ili ikuonye. Lakini pua yako iko juu, gesi iko chini, anapochezea mtoto. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, ondoa watoto, uiname, unuse.