Bei ya Haki Si Sadaka



Kule milima ya Oaxaca, Meksiko, wakulima wadogo waliuzia kahawa mabroka, kwa bei ya broka. Mwaka 1983 wakaunda ushirika wao, UCIRI. Padri Mholanzi aliyeishi nao, Frans van der Hoff, akawatafutia soko kwao Uholanzi, na mwaka 1988 pakiti za kwanza zenye alama ya Max Havelaar zikaingia madukani. Hawakuomba msaada. Waliomba bei.

Inaendaje? Soko likianguka, mnunuzi halipi chini ya kiwango: mwaka 2023 kiliwekwa dola 1.80 kwa ratili ya kahawa arabika iliyooshwa. Soko likipanda, analipa ya soko. Tena anaongeza senti 20, ambazo matumizi yake huamuliwa na mkutano wa wanachama, si mwenyekiti na mweka hazina peke yao. (Hapo wengine hununa!)

Lakini tusidanganyane. Anayelipwa ni chama. Mkulima hupata kinachobaki baada ya gharama za kiwanda na usafiri. Na bei hiyo ni ya magunia yaliyonunuliwa kwa alama tu. Basi mkiambiwa ati chama kimeandikishwa, ulizeni: msimu huu magunia mangapi yameuzwa hivyo? Vitabu viletwe mkutanoni.