Jina letu kwenye intaneti liandikwe kwa nani?

(Maneno ya komite kwenye mukutano wa wanamemba, Bungulu)



Munajua tunataka sayiti, ili ndugu zetu wenye wangali Kampala na Goma wapate habari ya kurudi, na mwenye kutaka kusaidia ajue mulango wa kweli. Lakini mbele ya sayiti kuko jina lake, na hapo njo matata inaanziaka.

Jina la namna ile hatununui, tunalipanga sawa nyumba, kwa mwaka. Tunaweza kulipa mpaka miaka 10 kwa mara moja. Kodi ikiisha, linazimika. Jina la .com likishafutwa, mwenyewe anabakia na siku 30 za kulikomboa kwa bei kali, kisha siku 5, na nyuma yake kila mutu anaweza kulichukua.

Sasa, ni la nani? Hapa kwetu wenye karte ya benki ni wachache. Kijana anasema, «mie nitalipa», na anaandika jina lake na imeli yake. Wengi wetu tulirudi tukakuta parseli yetu iko na karatasi ya mwingine, hatuna lazima ya kufundishwa. Siku mukikosana, ufunguo wa kuhamisha jina iko kwake. Anaweka namba yake ya Airtel Money pale, na dada yako wa Ulaya anatuma feza akijua anasaidia wajane wa Bungulu.

Kulipa si kumiliki. Kwenye fomu kuko mustari wa shirika: pale tuandike jina la chama. Imeli ikuwe ya chama, na ifunguliwe na prezida, sekretere na mutunza feza, wote 3. Ile imeli ijibiwe mbele ya siku 15, bila hivyo jina linasimamishwa. Kijana mwenye karte arudishiwe feza yake, tena apewe risiti.

Wengine wanataka .cd ya inchi yetu. Ilianza 1997, Zaïre ilipogeuka Kongo. Ile ya zamani,.zr, ilifungwa 2001 na wenye walikuwa ndani wakahama. (Kumbe hata majina yanakimbiaka!) Sisi tunapendelea .org, kwa wauzaji wengi bei yake iko chini.

Tunaomba kulipa miaka 5 kwa mara moja. Mwenye hakubali, anyanyue mukono sasa.