Sura Nyeusi na Lugha ya Shujaa



Spider-Man alipobuniwa nchini Marekani mwaka 1962 alikuwa Peter Parker, kijana mweupe wa Queens. Ilipita karibu nusu karne kabla vazi lile halijavaliwa na mwingine wa aina ya Miles Morales, mtoto wa Brooklyn ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico. Walimbuni Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli mwaka 2011.

Mwaka 2018 Miles akaingia katika sinema ya katuni, Spider-Man: Into the Spider-Verse. Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji wake watatu, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya sinema bora ya katuni. Magazeti yaliandika sana juu ya rangi. Hayakukosea, lakini lipo jambo dogo lenye uzito zaidi: mama yake Miles husema Kihispania, na chini ya picha hakuna tafsiri. Asiyeelewa na ajikaze, kama watoto wa Afrika walivyojikaza miaka yote mbele ya sinema za kigeni.

Kwa kipimo hicho hicho na itazamwe Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi 10 uliotolewa na Disney mwaka 2023, Ramsey akiwa mmoja wa wasimamizi wakuu. Waongozaji walikuwa Waafrika, kutoka Misri hadi Afrika Kusini. Raymond Malinga wa Uganda alimpa mchungaji wake jina la Ndahura, mfalme wa Wachwezi, akamweka katika dunia ya mitambo na mizimu. Ng'endo Mukii wa Kenya aliita kazi yake Enkai, jina la Mungu kwa Wamasai. Hizo si hadithi za kuazima.

Lakini jina la mkusanyo ni la Kiswahili, na lugha kuu ya mazungumzo ni Kiingereza. Kiswahili kimefanywa kibao cha mlangoni. Tena katuni hizo zilipotolewa, huduma ya Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Kenya, Uganda wala Tanzania. Yaani wenye lugha ya kibao walibaki nje ya nyumba.

Watasema wenye mitaji kwamba katuni ni kazi ya gharama, na soko la Kiingereza ndilo linalorudisha fedha. Ni kweli, sekunde moja tu ya sinema hupitisha picha 24. Hata hivyo, sauti si michoro. Tamthilia za Kituruki zimetiwa sauti za Kiswahili na kutazamwa majumbani Tanzania, na hakuna aliyelazimika kuzipiga picha upya. Ndahura naye angeweza kuwaita ng'ombe wake kwa Kiswahili pasipo kuchorwa upya hata pembe moja. Midomo isingeoana sana na maneno, lakini watoto husamehe hilo.