Maamuzi Mawili ya Kagera



Katika semina hii nimepewa mada ya wanasiasa wanaotetea vita vya nje vyenye gharama kubwa. Ningeweza kuwapeleka Iraki, tukawalaumu Wamarekani hadi saa ya chakula bila mtu kununa. Nimechagua Kagera, vita tulivyoshinda wenyewe, na najua humu wamo watu ambao ndugu zao walikwenda.

Hoja yangu ni hii: vita vile vilikuwa na maamuzi mawili, na viongozi wetu wamekuwa wakitetea la pili kwa sababu za la kwanza.

La kwanza halina ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakashika eneo la kaskazini ya mto Kagera, yakaua na kupora ng'ombe, na Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Aliyevamiwa haulizwi kwa nini anajitetea.

La pili lilikuja baada ya adui kutoka. Januari 1979 wapiganaji wetu walivuka mpaka wakaiteka Mutukula, Februari wakaingia Masaka, tarehe 11 Aprili wakaichukua Kampala, na mwanzoni mwa Juni wakafika mpaka wa Sudan. Sababu za kuvuka zilikuwepo: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataa kumlaani Amin, hapakuwa na hakika kwamba hatarudi, na Waganda walikuwa wakichinjwa. Mimi naona zilitosha. Lakini zilikuwa sababu nyingine, zenye bei nyingine, na zilistahili kujadiliwa peke yake. Hadi leo ukiuliza kuhusu Kampala unajibiwa Kagera.

Tuitazame hiyo bei, maana hapo ndipo Ufipa yetu, hapa Rukwa, inapoingia. Gharama za vita hukadiriwa kufikia dola milioni 500, zilizotoka katika nchi maskini ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeivunjikia mikononi mwaka 1977. Jeshi lilipanuka kwa kuchukua mgambo hadi likapita watu 100,000. Malori na mabasi yalikusanywa kupeleka askari na risasi kaskazini magharibi. Sasa fikirini mkulima wa huku. Miaka hiyo serikali ilikuwa inanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na Rukwa ikaitikia kwa jembe. Lakini Sumbawanga haina reli, na barabara ya Tunduma ilikuwa ya vumbi. Mahindi ya Ufipa yalikuwa chakula cha taifa siku lori linapofika tu. Lisipofika ni chakula cha panya.

Baada ya ushindi tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita. Mwaka 1983 dola ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na dukani sabuni ilikuwa bado ya foleni. Vita vilikuwa vimegeuka jibu la kila upungufu. Mafuta kupanda bei mwaka 1979, ukame, mashirika ya umma yaliyokula kuliko yalivyozalisha, vyote viliwekwa kivulini mwa Nduli Amin. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyetaka hesabu zitazamwe kama zilivyo na tukubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa, alijiuzulu mwaka huo wa 1979. Si lazima ukubaliane na dawa yake. Sera zile tulikuja kuzikubali mwaka 1986, tukiwa hoi zaidi.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko mengine. Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishambulia Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Serikali yetu iliwajibu kwa maandishi, ikaeleza kisa chote hatua kwa hatua. Marais wa nje walipewa maelezo. Aliyelipa kwa mahindi yake akapewa mkanda.

Na kilichonunuliwa? Amin aliondoka, ni kweli, na hilo si dogo. Lule akafuata kama rais, akaja Binaisa, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, na miezi miwili baadaye Museveni akaingia msituni. Anayesema tuliikomboa Uganda aseme pia kuhusu raia waliouawa Luwero katika vita hivyo vya msituni.

Kwa kazi ya vikundi, nawaomba mwache Kagera, mchukue Msumbiji na Kongo ya Mashariki, ambako askari wetu wamepelekwa miaka ya karibuni chini ya SADC. Kila kikundi kiandike maswali matatu ya kumpelekea mbunge kabla ya bajeti ya Ulinzi: tumekwenda kufanya nini hasa, kwa fedha za nani, na nani ataamua kwamba kazi imekwisha. Akijibu kwa kuwataja mashujaa wetu, mrudishieni swali.