Ozoni na Pumzi ya Mwanamichezo

Tangu mwaka 1959 hadi 1964, vijana wa sekondari moja katika eneo la Los Angeles, Marekani, walishindana mbio za nyika kila msimu na muda wa kila mmoja ukaandikwa. Watafiti walipoulinganisha na vipimo vya hewa, walikuta kwamba kadiri vioksidishaji, hasa ozoni, vilivyozidi katika saa iliyotangulia mbio, ndivyo wakimbiaji wengi zaidi walivyoshindwa kuboresha muda wao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1967.

Ozoni ni gesi ileile inayotukinga na mionzi ya jua huko juu sana. Karibu na ardhi ni sumu. Mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha miaka ya 1950 kwamba jua kali huitengeneza kutokana na moshi wa magari na viwanda pamoja na mvuke wa mafuta. Ndiyo maana huzidi mchana na alasiri, saa ambazo wanafunzi wengi huwa uwanjani.

Mtu aliyetulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Mwanariadha anayekimbia kwa nguvu hupita lita 100, tena akihemea mdomoni, na pua haipati nafasi ya kuchuja. Ozoni haiyeyuki kwa urahisi katika majimaji, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuchokoza neva za njia za hewa. Kikohozi huanza, kifua huuma, na mwili wenyewe humzuia mtu kujaza mapafu. Kocha anayemwona amepunguza mwendo asimwite mvivu.

Katika majaribio ya maabara, watu wazima wenye afya njema walifanya mazoezi ya wastani, kwa vipindi, kwa zaidi ya saa 6 katika hewa yenye ozoni sehemu 80 kwa bilioni. Hewa waliyoweza kuipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza ilipungua. Kwa baadhi yao, kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa kawaida uwezo huo hurejea baada ya siku moja hivi, lakini uvimbe ndani ya njia za hewa unaweza kuchelewa kupoa.

Habari ya watoto inatia uchungu zaidi. Utafiti wa watoto 3,535 wasio na pumu, katika jamii 12 za kusini mwa California, ulitolewa mwaka 2002. Penye ozoni nyingi, waliocheza michezo mitatu au zaidi walikuwa na hatari ya kupata pumu zaidi ya mara 3 ya wasiocheza. Penye ozoni kidogo, michezo haikuongeza hatari hiyo.

Michezo, basi, haina kosa, na hakuna sababu ya kuwafungia watoto ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hii. Kwa hiyo walimu na makocha wa miji yenye magari mengi na jua kali wahamishie mazoezi mazito asubuhi, na mtoto anayelalamika kifua apumzishwe mara moja.