K. Subrahmanyam na Filamu Iliyopigwa Marufuku Madras

Sinema ya Kitamil ya kusini mwa India ilipoanza kutoa sauti mwaka 1931, visa vyake vingi vilichotwa katika hekaya za miungu na wafalme wa kale. Krishnaswami Subrahmanyam, mwanasheria aliyezaliwa Papanasam mwaka 1904, naye alianzia huko huko: filamu yake ya kwanza, Pavalakkodi ya mwaka 1934, ilikuwa ya hekaya. Hakudumu humo.

Mwaka 1937 alitoa Balayogini, iliyowalaumu Wabrahmini kwa jinsi walivyowatenda wajane na watu wa matabaka ya chini. Yeye mwenyewe alikuwa Brahmini, na nafasi ya mjane alimpa mjane wa kweli wa Kibrahmini, jambo ambalo washika mila wa siku zile hawakulivumilia. Mwaka uliofuata, katika Sevasadanam, mwimbaji M. S. Subbulakshmi alionekana kwa mara ya kwanza katika sinema.

Filamu iliyomkabilisha na serikali ni Thyagabhoomi ya mwaka 1939. Kisa chake kilitungwa na Kalki, na kilichapishwa wiki hata wiki katika jarida la Ananda Vikatan, kikipambwa kwa picha za filamu yenyewe. Savitri, binti wa Brahmini wa kijijini, anakataliwa na mumewe akiwa mja mzito. Miaka inapita, anarithi mali nyingi, na mume yule yule anakwenda mahakamani kudai arejeshewe mkewe. Savitri anakataa katakata. Yuko radhi kumlipa mume huyo fedha za matumizi kuliko kurudi nyumbani kwake. Kwa mtazamaji wa mwaka 1939 jawabu hilo lilikuwa zito kuliko hotuba yoyote ya siasa. Hatimaye anajiunga na harakati za kudai uhuru.

Serikali ya chama cha Congress mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai, ilikuwa imejiuzulu mwishoni mwa mwaka huo, kwa sababu ya vita. Mwaka 1940 utawala wa Kiingereza uliipiga marufuku filamu hiyo. Habari zilipovuma, jumba la Gaiety lilifungua milango bila kiingilio hadi amri ilipofika. Watu wakafurika, na polisi wakaingia kwa virungu.

Subrahmanyam alifariki dunia mwaka 1971. Binti yake, Padma Subrahmanyam, ni mcheza ngoma za jadi mwenye sifa kubwa nchini India, na nakala ya Thyagabhoomi imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za filamu mjini Pune.