Kujenga Kisiwani Mbali: Maneno kwa Wanachama



Leo twataka kusema juu ya kazi ya kujenga mahali pa mbali. Tumechagua Diego Garcia, kisiwa cha matumbawe katikati ya Bahari ya Hindi, ambako Marekani ina kituo cha kijeshi. Hatusemi ili tusifu vita. Twataka kila fundi ajue mambo yapasayo kuwamo katika ramani kabla kazi haijaanza.

Ujenzi wa kituo ulianza mwaka 1971. Kisiwa hakina mlima wala mto. Kokoto zilitoka katika matumbawe, vyuma na simiti vikaja kwa meli. Huko hakuna duka la kukimbilia misumari ikipungua.

Jambo la kwanza ni chumvi. Mchanga na matumbawe ya baharini yasipooshwa kwa maji matamu, chumvi huingia katika zege na kula nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka. Kwa hiyo kokoto zioshwe, na nondo zifunikwe kwa zege nene. Ngome ya Yesu hapa Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama mpaka leo kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake hazitegemei nondo.

Jambo la pili ni maji. Mvua huzama ardhini, na maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi hupanda. Yapasa kuvuta kidogo kidogo, mahali pengi. Tena mabomba ya mafuta yawekwe mbali na visima. Mwaka 1991 mafuta ya ndege yalivuja hapo kisiwani, yakaharibu maji ya chini.

Jambo la tatu ndilo kubwa: watu. Wenyeji wa Chagos walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya minazi. Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Baadaye wafanyi kazi wa mkataba waliletwa kutoka Ufilipino na Mauritius. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza yapasa kukoma kuvitawala visiwa hivyo upesi. Uwanja wa ndege ulijengwa imara, lakini dai la wenyeji nalo halikuoza.

Ndugu zetu, mkiitwa kazi ya mbali, ulizeni kabla ya kutia sahihi: Maji ya kunywa yatoka wapi? Nyumba zetu zimo katika ramani? Mgonjwa atatibiwa wapi? Nauli ya kurudi italipwa na nani? Na hapo tunapokwenda kujenga, nani ameondolewa?

Jengo likimsahau mtu, si imara, hata zege lake liwe zuri namna gani.